"Presha ilishuka" si jibu

Ukihudhuria misiba ya kutosha hapa Dar es Salaam utagundua kuna maneno ambayo yakishasemwa, watu hutikisa vichwa na mazungumzo yanahamia kwenye mambo mengine. "Ni sukari." "Aliugua ghafla." "Siku zake zilifika." Na kwa akina mama waliokwenda kujifungua kwa upasuaji wasirudi nyumbani, kuna maneno mawili ambayo nimeshayasikia mara nyingi kuliko ninavyopenda: "Presha ilishuka."

Basi. Hapo maswali yamekwisha. Utadhani presha ni jua, ikifika jioni inazama yenyewe na hakuna wa kuizuia.

Leo nataka tuzungumzie maneno hayo mawili. Mimi si daktari, ni mwandishi wa habari, na mwandishi kazi yake ni kuuliza swali la pili baada ya watu kuridhika na la kwanza. Presha ilishuka, sawa. Kwa nini? Ilishuka mpaka ngapi? Nani alikuwa anaipima? Baada ya kushuka, kilifanyika nini na baada ya dakika ngapi?

Kilichonifanya nianze kuchimba jambo hili ni dada yangu. Ana mimba ya pili, wa kwanza alimzaa kwa kisu, na safari hii kliniki walimwambia mapema kwamba atapangiwa siku ya upasuaji. Wakamwambia atachomwa sindano ya mgongo, atakufa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, lakini atakuwa macho. Akanipigia simu usiku. "Mdogo wangu, wewe si unasomasoma mambo? Hebu niambie ukweli. Jirani yetu alichomwa hiyo hiyo, wakasema presha ilishuka. Mimi yangu ikishuka je?"

Jirani huyo nilimfahamu kwa sura tu. Hospitali siitaji, na hata ningeitaja isingesaidia kitu, kwa sababu hakuna mtu kwenye familia ile aliyeambiwa zaidi ya maneno yale mawili. Mume wake hajui. Mama yake hajui. Mtoto aliyebaki atakua, siku moja atauliza, na atajibiwa hayo hayo.

Kwa hiyo nikaanza kusoma, na kuwauliza ninaowafahamu wanaofanya kazi vyumba vya upasuaji. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nayaweka hapa kwa sababu najua wasomaji wangu wengi mko kwenye umri wa kuzaa, au wa kusindikiza wanaozaa.

Tuanze na kwa nini inashuka.

Wakazi wa Dar mtanielewa nikitumia mfano wa maji. Maji yakitoka kwenye tenki kupitia bomba jembamba, yanafika mpaka ghorofa ya tatu. Sasa chukua maji yale yale, badilisha bomba lote liwe pana mara mbili ghafla. Hayajapungua hata tone, lakini kule juu bomba linakohoa tu, haliteremshi kitu. Mishipa ya damu iko hivyo. Muda wote kuna neva nyembamba zinazotoka kwenye uti wa mgongo ambazo kazi yake ni kuibana kidogo, ili msukumo uwepo. Sindano ya mgongo inaua ganzi ya maumivu, lakini dawa haichagui. Inazilaza na neva hizo pia. Mishipa ya miguu na tumbo inalegea, inatanuka, damu inajaa huko chini, na inayorudi kwenye moyo inapungua. Presha inashuka ndani ya dakika chache.

Na kwa upasuaji wa kujifungua ganzi inatakiwa ipande juu sana, mpaka usawa wa chuchu, maana daktari atavuta vitu vingi tumboni na mama asisikie maumivu. Ganzi ikipanda hivyo, neva zinazolazwa ni nyingi kuliko kwa mtu anayefanyiwa upasuaji wa mguu. Ikipanda zaidi ya hapo inaweza kugusa hata neva zinazouambia moyo uongeze mwendo, basi moyo nao unapunguza kasi wakati ambao ungetakiwa kukimbia.

Ongeza jambo la pili. Mama mwenye mimba ya miezi tisa akilala chali, mji wa mimba wenye mtoto, maji na kondo la nyuma unaulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Siku za kawaida mwili wake unajitetea kwa kubana mishipa mingine. Lakini sasa ameshachomwa sindano, ule uwezo wa kujitetea umelazwa usingizi. Ni kama kukunja bomba kwa mguu wakati pampu nayo imezimwa.

Mtoto je? Hapa ndipo nilipokaa kimya kidogo nilipoelewa. Mji wa mimba mwishoni mwa mimba unapitisha damu nyingi sana, zaidi ya nusu lita kwa dakika. Viungo kama ubongo na figo vina ujanja wa kujirekebishia damu presha ikiyumba. Mji wa mimba hauna ujanja huo wa maana. Ni kama nyumba isiyo na tenki la akiba: presha ya mtaani ikiwepo wanapata, isipokuwepo hawapati. Presha ya mama ikishuka sana na ikakaa chini muda mrefu, mtoto anaanza kukosa hewa safi wakati bado yuko tumboni.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililobadilisha namna ninavyoyasikia yale maneno ya msibani. Kushuka kwa presha baada ya sindano ya mgongo si ajali. Ndiyo kawaida. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba kama hakuna kinga yoyote, zaidi ya nusu ya akina mama presha yao itashuka, na katika baadhi ya tafiti ni 7 au hata 8 kati ya kila 10. Yaani kila anayeshika ile sindano anajua kabla hajaichoma kwamba dakika chache zijazo presha inaenda kushuka. Ukijua mvua itanyesha saa nane, ukalowa saa nane, huwezi kuwaambia watu kwamba mvua ilikushtukiza.

Kuna atakayeuliza, kwa nini basi wasitumie nusu kaputi ya kulala kabisa? Swali zuri, na mimi nililiuliza. Jibu ni kwamba kumlaza mjamzito kabisa kuna hatari zake kubwa zaidi: njia yake ya hewa huwa ngumu kuingiza mpira wa kupumulia, na chakula au tindikali ya tumboni inaweza kurudi ikaingia mapafuni. Mwaka 2016 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, ukaonyesha kwamba uwezekano wa mama kufa ulikuwa karibu mara tatu kwa waliolazwa kabisa ukilinganisha na waliochomwa sindano ya mgongo au ya jirani na hapo. Ni kweli kwamba wanaolazwa kabisa mara nyingi ndio waliofika wakiwa hoi zaidi, lakini wataalamu wengi wanakubaliana: sindano ya mgongo ndiyo njia salama kwa walio wengi. Kwa hiyo msitoke hapa mkaenda kuikataa. Siyo lengo langu kabisa.

Lengo langu ni hili: kitu kinachojulikana kitatokea kinaweza kujiandaliwa. Na watu wamehangaika na maandalizi hayo kwa zaidi ya nusu karne.

La kwanza lilikuwa kumlaza mama kwa kuinamia kushoto. Mwaka 1972 daktari wa Uingereza aitwaye Crawford na wenzake waliandika kuhusu kumweka mama kiegemeo upande wa kulia ili tumbo liinamie kushoto, lisiulalie ule mshipa mkubwa. Kiegemeo hakihitaji kutoka Ulaya. Shuka iliyokunjwa vizuri inatosha. Baadaye, mwaka 2015, watafiti wa Japani waliwapiga wajawazito picha za mashine ya sumaku, wakaona kwamba kuinamisha kidogo kwa nyuzi 15 hakuufungui mshipa ule kama ilivyodhaniwa, mpaka ifike kama nyuzi 30. Kwa hiyo kuinamisha kunasaidia lakini mtu asijidanganye kwamba ameshamaliza kazi.

La pili ni maji ya dripu. Kwa miaka mingi ilikuwa kama sheria: jaza mama maji kwanza, ndipo umchome sindano. Kisha mwaka 1993 madaktari wa Durban, Afrika Kusini, wakaamua kulipima jambo hilo badala ya kuliamini tu. Waliopewa maji mengi kabla ya sindano, 55 kati ya 100 presha yao ilishuka. Wasiopewa, 71 kati ya 100. Tofauti ipo, lakini tazama: hata waliojazwa maji, zaidi ya nusu ilishuka! Maji yenye chumvi hayakai ndani ya mishipa, yanavuja kwenda kwenye nyama za mwili. Siku hizi wataalamu wanapendelea yaende kwa kasi wakati ule ule sindano inapochomwa, siyo kumchelewesha mama nusu saa akimiminiwa chupa. Nilifurahi sana kujua kwamba swali hilo liliulizwa na watu wa bara letu wenyewe.

La tatu, na hili ndilo kubwa, ni dawa ya kuibana mishipa irudi ilivyokuwa. Kwa muda mrefu dawa iliyotawala iliitwa efedrini. Ilipata jina baada ya majaribio ya kondoo wenye mimba, yakiwemo yaliyochapishwa mwaka 1974, yaliyoonyesha kwamba inapandisha presha bila kupunguza damu ya mji wa mimba. Nyingine zikaogopwa kwamba zitaubana na mji wa mimba pia. Dunia ikatulia hapo kwa miaka mingi. Halafu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000, madaktari wa Hong Kong, akiwemo Warwick Ngan Kee, wakaanza kupima damu ya kitovu cha watoto. Wakakuta jambo lisilotarajiwa: watoto ambao mama zao walipewa fenilefrini, ile iliyoogopwa, damu yao ilikuwa na hali nzuri kuliko ya watoto wa efedrini. Sababu ni kwamba efedrini inavuka kondo la nyuma na kwenda kumchochea mtoto mwenyewe. Kondoo walikuwa wametuambia sehemu tu ya habari.

Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali wakakaa wakatoa makubaliano, yakachapishwa kwenye jarida la Anaesthesia. Kwa lugha yetu ya mtaani yanasema hivi. Dawa ya kubana mishipa itolewe kama kinga, kwa kila mama, ianze mara tu baada ya sindano, usisubiri presha ishuke ndipo uanze kutafuta. Ya kupendelewa kwa sasa ni fenilefrini. Na presha ya juu ya mama isiachwe chini ya asilimia 90 ya ile aliyokuja nayo. Mama akiingia na 120, isikae chini ya 108. Ikigusa chini ya asilimia 80, yaani 96 kwa mama huyo, hapo ni kuchukua hatua papo hapo.

Kuna na mambo madogo. Kufunga miguu kwa bandeji za kubana au soksi maalumu, ili damu isijazane huko, nako kunapunguza tatizo ukilinganisha na kutofanya kitu. Hilo limeonekana kwenye uchambuzi mkubwa wa Cochrane uliokusanya majaribio zaidi ya 100. Ona: shuka iliyokunjwa, bandeji, dripu, bomba la sindano lililojazwa tayari. Hakuna hapo kitu cha kumshinda mtu aliyejipanga.

Naam, najua mnachotaka kusema. "Wewe unaongelea Hong Kong na Japani, sisi tuko hapa." Haya, turudi hapa.

Fenilefrini haipatikani kila mahali, na inakuja imekolea mno, lazima ichanganywe na maji mara 100 hivi kabla ya kutumika. Anayekosea mahesabu anaweza kumuua mtu. Lakini efedrini imekuwa kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi, na imeandikwa humo kwa kazi hii hasa: kuzuia presha kushuka kwa mama anayejifungua kwa sindano ya mgongo. Si dawa ya anasa. Ikiwa hakuna fenilefrini, efedrini iliyojazwa kwenye bomba na kuwekwa mezani ni bora mara elfu kuliko ile bora zaidi iliyofungiwa stoo na ufunguo anao mtu aliyekwenda kula.

Ila dawa haijichomi yenyewe. Niliowauliza walirudi kwenye jambo moja kila mmoja kwa namna yake: mtu. Nani amesimama upande wa kichwa cha mama? Shirikisho la dunia la wataalamu wa usingizi linataka nchi ziwe angalau na madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Nchi nyingi za Afrika hazifikii hata 1. Kazi kubwa hapa kwetu inabebwa na wauguzi na matabibu waliosomea kutoa usingizi, na wengi wanaifanya vizuri sana kwa vifaa vichache. Lakini fikiria usiku wa manane, mtoa usingizi yuko peke yake. Ameshachoma sindano. Presha inatakiwa kupimwa kila dakika mpaka mtoto atoke. Hapo hapo dripu inakwisha, mara mtoto katoka halii, na mwenye ujuzi wa kumpulizia hewa ni yeye huyo huyo. Amgeukie nani? Akigeuka kwa dakika tano, zile tano zinaweza kuwa ndizo.

Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofuatilia akina mama zaidi ya 3,600 waliojifungua kwa upasuaji katika nchi 22 za Afrika. Waliofariki walikuwa 5 kati ya kila 1,000. Waandishi wake walikadiria kwamba hiyo ni mara 50 ya nchi tajiri. Walitaja kutokwa damu, na wakataja matatizo ya usingizi. Wapenzi wasomaji, kisu ni kile kile. Na mwili wa mama wa Kigoma haushuki presha kwa namna tofauti na wa mama wa London. Tofauti ni kinachofanyika dakika inayofuata.

Nitawapa mfano wa nchi iliyokataa kuishia kwenye "presha ilishuka". Afrika Kusini tangu mwaka 1998 ina utaratibu wa kuchunguza kwa siri vifo vya akina mama wanaojifungua. Si kwa ajili ya kumfunga mtu, bali kujua nini hasa kilitokea, na ripoti zake huitwa Saving Mothers. Ripoti hizo zimeonyesha mara kwa mara kwamba vifo vingi vya usingizi kwa wajawazito vilihusu sindano ya mgongo, na kwamba hospitali za wilaya, ambako anayetoa usingizi mara nyingi ni daktari mwenye uzoefu mdogo, ndizo zilizoathirika sana. Tena zikasema wazi kwamba vingi vingezuilika. Ukishajua hivyo, unajua pa kupeleka mafunzo na dawa. Ukisema "siku zake zilifika", unapeleka nini na wapi?

Hata kwetu upo utaratibu wa kujadili vifo vya akina mama na watoto wachanga. Kamati zinakaa, zinaandika. Na ni haki kusema kwamba mambo yamesogea: takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, wakati zile za 2015-16 zilionyesha 556. Vituo vingi vya afya vimejengewa vyumba vya upasuaji, akina mama hawasafiri tena kilomita 100 kwa bodaboda kutafuta kisu. Ni jambo jema sana. Lakini kadiri vyumba vinavyoongezeka ndivyo sindano za mgongo zinavyoongezeka, na kila sindano inadai mtu wa kusimama kichwani akitazama namba. Jengo linazinduliwa kwa utepe. Mtu huyo hazinduliwi.

Tukirudi kwa dada yangu. Nilimweleza yote haya kwa simu, tena nikamwambia kitu ambacho muuguzi mmoja wa usingizi alinisisitizia kuliko vyote. Dalili ya kwanza ya presha kushuka mara nyingi si namba kwenye mashine. Ni mama mwenyewe: kichefuchefu cha ghafla, kizunguzungu, miayo, kuhisi kama giza linakuja, kuhisi anaondoka. Mashine ya mkanda inapima, inavuta pumzi, inapima tena. Mama anajua kabla yake. Tatizo ni kwamba wanawake wetu wamefundishwa nini wakiwa leba? Jikaze. Vumilia. Usipige kelele, utaaibisha ukoo. Basi mtu anatapika moyoni, anaona giza, na amefunga mdomo kwa adabu, anaogopa kumsumbua daktari aliyeshika kisu.

"Dada," nikamwambia, "safari hii usijikaze hata kidogo. Ukihisi chochote, sema."

Akacheka. "Mimi tena? Unanijua nilivyo muoga."

"Uoga huo huo ndio ninaoutaka."

Siku ya siku alikwenda. Alivyonisimulia baadaye, mtoa usingizi alikuwa mama wa makamo, akamwambia jambo moja kabla hata hajamgeuza mgongo: "Mama, nikishakuchoma unaweza kujisikia vibaya. Ni kawaida. Lakini uniambie, usinivumilie." Alimwona akipanga mabomba mawili ya sindano mezani yakiwa yameshajazwa na kubandikwa karatasi zenye majina ya dawa. Akamwekea shuka iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia. Mashine ikafungwa mkononi ikawa inabana kila mara mpaka mkono ukamchosha. Dakika kama tatu baada ya kulala akasikia mate yamejaa mdomoni na sauti za watu zinakwenda mbali. Akasema, "Dokta, nasikia kutapika." Yule mama hakushtuka, hakukimbia, hakuita mtu. Alikuwa ameshashika bomba. "Presha inashuka kidogo, ngoja," akasema, akasukuma dawa kwenye mpira wa dripu. Dada anasema hakumaliza hata kuhesabu vizuri moyoni, sauti zikarudi karibu. Baada ya muda akamsikia mwanaye analia.

Umeiona hiyo? "Presha inashuka." Maneno yale yale ya msibani. Tofauti ni kwamba mara hii yalisemwa na mtu aliyekuwa ameshashika jibu mkononi. Jirani yake alipewa maneno hayo yakiwa mwisho wa maelezo. Dada yangu alipewa yakiwa mwanzo wa kazi.

Sisemi kwamba kila mama aliyefariki baada ya sindano ya mgongo alikosewa na mtu. Kuna kutokwa damu, kuna kifafa cha mimba, kuna moyo uliokuwa na tatizo bila mwenyewe kujua, kuna waliofika wakiwa wamechelewa mno. Pengine hata kwa jirani yetu presha kushuka ilikuwa matokeo ya jambo jingine kabisa. Na ndiyo maana nasema maneno yale hayatoshi. Yanawaficha wazembe, na yanawafunika matope hata waliofanya kila kitu sawasawa. Mtoa usingizi aliyepigana usiku kucha peke yake bila mashine na bila dawa anastahili ijulikane kwamba hakuwa na mashine wala dawa.

Kwa hiyo nina maombi mawili.

La kwanza ni kwa mnaokwenda kuzaa na mnaowasindikiza. Kabla ya siku yenyewe, ulizeni kwa adabu, kama mnavyouliza bei ya kitanda: Nani atakayenipa usingizi? Atakaa na mimi muda wote? Presha yangu ya kawaida imeandikwa kwenye kadi? Ikishuka mna dawa gani, na iko tayari? Nitalazwa vipi? Maswali hayo si matusi. Mtaalamu mzuri huyafurahia, na asiyejiandaa huenda akajiandaa kwa sababu tu umeuliza. Na ukiwa kwenye kitanda, tafadhali, usijikaze.

La pili ni kwa wenzangu wa kalamu. Tukipokea habari ya mama aliyefia chumba cha upasuaji na msemaji akatuambia presha ilishuka, tusifunge daftari. Tuulize zile nne: ilianzia ngapi, ikashuka mpaka ngapi, nani alikuwa anapima, na alikuwa na nini mkononi. Majibu mengine yatatupeleka kwa mtu aliyeacha kazi yake. Mengi, nadhani, yatatupeleka kwenye stoo tupu, kwenye mashine iliyoharibika ikasubiri fundi, na kwenye zamu ya usiku yenye mtu mmoja. Huko nako kuna wahusika, wana ofisi na wana bajeti, na wanaweza kuulizwa.

Dada anawasalimu. Mtoto ni wa kike, ana nywele nyingi na sauti ya kugombana. Haya, wadau, nawaachia hapo. Kama una ndugu anayetoa usingizi popote pale nchini, mpelekee salamu zangu, na umuulize usiku anakuwa na nani.